Kipengele cha Kumi na Moja

Mkataba wangu wa kupiga picha za harusi una kurasa mbili na vipengele kumi na moja. Kumi vya kwanza niliviandika mwenyewe kwa kompyuta, katika ofisi yangu ndogo hapa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, nikiwa nimefunga mlango ili wateja wa paspoti saizi wasinikatize. Cha kumi na moja kimeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko si wangu. Kila nikitoa nakala steshenari, kinatoka hivyo hivyo, na doa la wino pembeni. Wateja wakifika hapo husita. Wengine huuliza kama ni dua. Bwana harusi mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu nimemwekea. Nikamwambia, "Kaka, hicho ni kipengele kama vingine. Tulia nikusomee."

Nawasomea, wanasaini, wanaondoka. Kilikotoka siwaambii, maana ni habari inayonitia aibu, na mtu hafungui biashara asubuhi kwa kujitangazia aibu. Lakini mwaka huu nimemkumbuka sana shangazi yangu, kiasi kwamba nikisikia mtu anakohoa nje nageuka nikidhani ni yeye. Basi acha niiseme.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na studio Kisarawe mjini. Ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, kuta za kijani, na pazia lililochorwa bustani ya maua ambayo Kisarawe nzima hayaoti. Kulikuwa na kioo, na kwenye kioo kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Nilipelekwa kwake nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kunikalisha nyumbani. Baba alisema nikasaidie kazi za ndani. Shangazi alinitazama mikono, akaniuliza kama inatetemeka, akanipa kamera niifute vumbi. Harufu ya chumba kile, poda na mafuta ya nazi na joto la taa, hata leo nikiivuta mahali nasimama kwanza.

Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na alikuwa mbishi kuliko mimi, jambo ambalo si dogo. Hakuandikiana na mteja hata mara moja. Mtu alikuja, akasema harusi ni lini, wakaulizana habari za wazee wa pande zote mbili, na mwisho shangazi alisema, "Tumeelewana." Basi. Siku ikifika alikuwepo.

Ili nieleweke, niseme kidogo kuhusu nyumba za kwetu. Nyumba ina baraza na ina ua. Barazani hukaa wanaume na wageni. Uani ni kwa wanawake, na wakati wa harusi uani kuna mambo yake. Bibi harusi anasingwa, anasuguliwa mwili mzima kwa singo, ule mchanganyiko wa unga wa manukato, huku kungwi wake akimfunda. Na kina mama wazima, wenye heshima zao mjini, wanaotembea wamejifunika tangu wakiwa wasichana, siku hiyo wanavua mitandio, wanafunga khanga kifuani na wanacheza. Mwanaume haingii. Kijana akianza tu kubadilika sauti anafukuzwa.

Shangazi ndiye aliyeingia humo na kamera, kwa sababu alikuwa mwanamke na kwa sababu alikuwa yeye. Alikuwa na utaratibu wake. Mkanda wa filamu wa barazani aliuweka kwenye mkoba pamoja na mingine. Mkanda wa uani aliufunga uzi mwekundu na kuutia kwenye kifuko kilichokaa kifuani mwake. Siku zile picha za rangi zilipelekwa Dar kusafishwa, na yeye alikuwa na mwanamke mmoja Kariakoo, mwanamke tu, aliyemsafishia mikanda yenye uzi mwekundu. Alirudi na picha zimo kwenye bahasha, na ile mikanda yenyewe imo humo humo, haachi hata kipande. Alibandika bahasha kwa uji wa ngano aliouchemsha mwenyewe. Halafu tulikwenda nayo nyumbani kwa wenyewe, tukapitia mlango wa nyuma, akamkabidhi mama wa bibi harusi mkononi.

"Ya uani hurudi uani," alikuwa akisema njiani.

Nilimwuliza, "Na sisi tunabaki na nini, Shangazi?"

"Tunabaki na ruhusa ya kurudi tena."

Nyumba aliyorudi mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya shoga yake mmoja, mama aliyemzidi umri kidogo, ambaye nitamwita Bibi kwa sababu ndivyo nilivyomwita. Kila Ijumaa, kazi zikiisha, shangazi alikwenda uani kwa Bibi. Walikunywa chai ya tangawizi, wakachambua mchele na watu. Nilisikia kicheko cha shangazi kule uani ambacho studio sikukisikia kamwe. Bibi alipomwoza binti yake, shangazi alipiga picha kama kawaida, kisha katikati ya ngoma akanisukumia kamera mikononi. "Shika," akasema, akavua mtandio, akaingia katikati. Sikuwa nimewahi kupiga picha ya uani. Nilibonyeza mara moja tu, kwa woga. Wiki mbili baadaye nilimwuliza picha yangu ilitokaje.

"Kamwulize mwenye bahasha," akasema. Nilinuna siku mbili.

Miaka ikaenda. Mikanda ikaisha, kamera za kidijitali zikaja, shangazi akabaki na paspoti saizi na wazee waliompenda. Mimi niliolewa, nikahamia Kibaha, tukapata kiwanja Picha ya Ndege wakati bado unaweza kukipata, nikafungua ofisi. Harusi za huku zilikuwa nyingine. Watu wametoka kila mahali, wengi wanafanya kazi Dar na kulala Kibaha, na jirani humjui babu yake. Kuulizana habari za wazee wa pande mbili hakukunifikisha popote.

Kilichonifanya niandike mkataba ni albamu. Mama wa bibi harusi alikuja asubuhi kuichukua, nikampa. Mchana akaja dada wa bwana harusi kuichukua ile ile. Nikamweleza. Akakaa kwenye benchi langu, akasema hatoki mpaka niseme nilielewana na nani. Nilijaribu kukumbuka nikashindwa, maana siku ya kuelewana walikuja watu saba na wote walikuwa wakiongea. Alikaa mpaka jioni, akala na karanga zangu zote. Wiki ile ile nikaandika mkataba, na kipengele cha nne ndicho nilichokipenda kuliko vyote: *Picha zote zitakabidhiwa kwa aliyesaini mkataba huu, na si kwa mtu mwingine yeyote.* Nilikisoma kwa sauti mara tatu. Nilijiona wakili.

Wateja wangu wa kwanza kusaini walikuwa familia moja iliyotoka Kaskazini. Walikuwa na kamati yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, na waliuchukua mkataba wangu wakaujadili kama katiba. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alitoa kalamu nyekundu akanisahihishia tahajia. Mwingine aliuliza kama zile siku ishirini na moja za kungoja picha ni za kazi au za kalenda. Nikawapenda papo hapo.

Kisarawe ilikuwa kazi nyingine. Mzee mmoja niliyempa karatasi aliishika kwa ncha za vidole. "Mwanangu," akasema, "mimi mke nilimwoa kwa mashahidi wawili na kauli. Leo picha zake ndizo nisaini?" Akacheka, watoto wake wakacheka, nami nikacheka huku nimeinyoosha kalamu. Alisaini.

Shangazi nilimpelekea mwenyewe, kwa majivuno. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote mbili kimya kimya.

"Mbona humu hakuna salamu?" akauliza.

"Shangazi, huu ni mkataba."

"Hata barua ya deni ina salamu."

"Mali bila daftari hupotea bila habari," nikamwambia, nikijua anaupenda msemo huo.

"Hiyo ni mali. Sisi tunabeba nyuso za watu." Akanirudishia karatasi, akaniuliza kama nimekula.

Sasa ndipo mjukuu wa Bibi akachumbiwa. Alikuwa binti wa yule yule binti ambaye harusini kwake nilipiga ile picha moja ya woga. Aliyemchumbia alitoka Janga, familia ya wakulima, watu wapole. Bibi alimtaka shangazi kwa picha, na si mwingine. Lakini magoti ya shangazi yalikuwa hayamsimamishi tena saa nyingi. Akaniita, akanipeleka mwenyewe, akanisimamisha mbele ya Bibi uani.

"Mimi siwezi tena, shoga yangu. Nakuletea mwanangu. Huyu ni mimi," akasema.

Bibi akanitazama toka juu mpaka chini. "Haya," akasema. "Kama ni wewe, aingie."

Mkataba alikuja kuusaini mtoto wa kiume wa Bibi, mjomba wa bibi harusi, mfanyabiashara wa mbao na mtu mwema. Ndiye aliyesimamia shughuli yote. Alisoma kipengele kwa kipengele, akasifu, akasaini.

Siku ya kusingwa niliingia uani saa nane mchana. Wakafunga geti, wakaning'iniza khanga mbili kwenye uwazi uliobaki. Nilikuwa nimepiga harusi mia na kitu, lakini nilipoisikia ile ngoma nilirudi kuwa msichana mwenye kamera ya watu. Bibi alivua mtandio. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, zimesukwa mabutu mawili, na alicheza taratibu, mikono tu na mabega, wanawake wakimpigia vigelegele. Akanisogelea kabisa. "Piga, mjukuu wangu, piga. Nimebakiwa na ngoma ngapi mimi?" Nilipiga. Zilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani mwangu, na nililijua hilo hapo hapo.

Kosa nililifanya nikiwa na akili timamu, ofisini kwangu, mchana. Nilikuwa nahamisha picha kwenye flashi ya mjomba, ndoa kwanza, ukumbi baadaye, nikafika kwenye fungu la uani. Mkono ulisita. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliinuka nikaenda kunywa maji. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika nakala yake ya mkataba.

"Zote zimo?" akauliza.

Ningeweza kusema, Mjomba, hizi nitampelekea mama mtu mwenyewe. Maneno yenyewe ni mafupi. Lakini mkataba ulisema zote, na mkataba ulisema aliyesaini, nami ndiye niliyekuwa nikiwahubiria watu kwamba maandishi ni maandishi. Nilijiambia atampa dada yake. Na kuna jambo jingine, nalo nitalisema: nilitaka zionekane. Nilitaka mtu azione zile picha aseme, huyu mwanamke anajua kazi.

"Zote, Mjomba," nikasema. "Kama tulivyoandikiana."

Yaliyofuata niliyasikia kwa watu watatu, na wote walisimulia sawa. Ijumaa ile, baada ya swala, wakwe walikuja kutoka Janga kusalimia. Wakala. Mjomba akachomeka flashi kwenye televisheni ili wageni waione harusi. Picha zikawa zinapita zenyewe, za ndoa, za ukumbini, watu wanacheka na kutambuana. Bibi akatoka ndani kuja kuwapa wakwe mkono. Alifika mlangoni pa sebule, na kwenye televisheni akajiona, kichwa wazi, khanga kifuani, mikono juu, na wanaume tisa wamekaa mbele yake. Marehemu mumewe na wanawe ndio wanaume pekee walioziona nywele zile. Mjomba aliruka kuichomoa flashi. Wageni wakatazama mkeka, na mzee mmoja wa Janga, Mungu ambariki, akaomba maji ya kunywa kwa sauti kubwa. Bibi aligeuka akarudi chumbani. Hakutoa mkono, na siku ile hakutoka tena.

Mimi hakuniambia kitu. Alimtumia shangazi salamu kwa mtoto wa jirani, kwamba uani kwake kumefungwa, asijisumbue kuja.

Shangazi alinipigia. Hakufoka.

"Uliwapa ya uani?"

"Shangazi, mkataba ulisema..."

"Sijauliza mkataba."

Nikabisha. Nina mdomo, na mtu mwenye mdomo akikosa ndipo unapofanya kazi zaidi. Nikasema mjomba angetazama kwanza, nikasema siku hizi dunia imebadilika, nikasema mimi sikumwonyesha mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ijumaa hii nimekaa ndani," akasema, "nimewasha redio." Akakata simu.

Hapo ndipo nililia. Shangazi hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, studio ilikuwa na wateja wawili kwa wiki. Alichokuwa nacho ni ile Ijumaa na kile kikombe cha tangawizi, miaka na miaka, na mimi nilikuwa nimemfungia kwa kidole kimoja juu ya kipanya. Nilifunga ofisi nikaandika mlangoni kwamba nimetoka, nami nilikuwa ndani.

Wiki mbili baadaye aliniita nimsindikize Kariakoo kununua khanga. Mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, na haendi na khanga yoyote tu, maana khanga inasema. Tulizunguka maduka na magoti yake yale. Kila doti, khanga mbili zisizokatwa, alilifungua akasoma jina lake. Muuzaji mmoja alimletea lenye maneno *Kutenda kosa si kosa*. Akalikunja akamrudishia.

"Hii inajitetea. Anayeomba msamaha hajitetei."

"Kumbe na wewe unasoma vipengele," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka naye tangu siku ile. Mwishowe alichagua moja ya maroon iliyoandikwa *Nimekuja kwako nipokee*.

Tulikwenda Ijumaa, tukapitia mlango wa nyuma. Kwa kawaida yetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu unageuka unarudi, na hulaumu. Shangazi alipiga ya kwanza. Tukasikia ungo ukipepeta mchele ndani, halafu ukanyamaza. Akapiga ya pili, na ungo ukaendelea. Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa wa baridi na jua lilikuwa linawaka, akapiga ya tatu kwa sauti ambayo sikuitambua.

Ungo ukasimama. "Karibuni," Bibi akasema.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, uani kwake mwenyewe, mbele yetu sisi. Hilo liliniuma kuliko maneno. Shangazi aliiweka khanga mbele yake. Bibi alisoma jina, hakuigusa.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. "Nimekosa. Nilijua na nikafanya."

"Marahaba." Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Kile kikaratasi chako unacho?"

Kilikuwemo mkobani, ni kazi yangu.

"Nisomee."

Nikasoma. Vipengele vyote kumi, nimepiga magoti, mchele unaruka na kushuka. Nikasoma mteja, nikasoma mpiga picha, nikasoma aliyesaini. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Mimi nimo wapi humo?"

Nilipitisha macho kwenye karatasi mara ya pili kana kwamba angetokea.

"Nipe kalamu."

Bibi hakwenda shule. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na herufi alizonazo ni zile. Aliweka mkataba juu ya mgongo wa ungo, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, wino ukaacha doa pembeni. Kisha akasoma alichoandika. *Ya uani hurudi uani, wala hayatoki.*

"Saini," akaniambia. Nikasaini. Akamgeukia shangazi. "Na wewe. Wewe ndiye uliyesema huyu ni wewe."

Shangazi, ambaye maisha yake yote hakuandikiana na mtu, alichukua kalamu akaandika jina lake lote, la baba na la babu. Ilimchukua muda. Bibi akaikunja karatasi akaitia kifuani.

"Sijasema nimesamehe," akasema. "Nimesema tuandikiane."

Lakini alilichukua lile doti, akalichana katikati kama mashoga wanavyofanya, kipande kimoja akajitupia begani na kingine akamrudishia shangazi. Halafu akaita ndani waweke tangawizi jikoni.

Nakala niliitoa baadaye, kwa ruhusa yake, ndiyo hiyo wanayoisaini wateja mpaka leo. Chini nimeweka mistari miwili, mmoja wa familia na mmoja wa uani. Wale wa Kaskazini huniuliza uani ni kamati gani.

Shangazi aliondoka mwaka huu, kabla ya masika. Ijumaa zake alizipata, karibu zote, hilo nashukuru. Baada ya matanga nilikwenda kupanga studio yake, nikitafuta picha yake ya kuweka ofisini kwangu. Nilikuta nyuso za Kisarawe nzima, watoto waliokwisha kuwa mababu, na yeye hayumo. Picha pekee ilikuwa ya kitambulisho cha taifa, amekunja uso kama anayemsubiri mtu ajieleze. Hakuwa hivyo. Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya bustani yake ya kuchora, nikalia kwa sauti.

Nikaenda kwa Bibi. Nilipiga hodi moja tu. Nilipomwambia ninachotafuta aliingia ndani akakaa sana, akarudi na bahasha ya kaki iliyochakaa, bado ina ukoko wa uji wa ngano ukingoni. Ilikuwa ya harusi ya binti yake. Akachambua, akanipa picha moja.

Shangazi yuko katikati ya ua, kichwa wazi, nywele nyeusi tii, amepakwa singo mikononi, na anacheka kile kicheko nilichokuwa nikikisikia kwa mbali. Picha imekaa upande. Na kwenye pembe ya chini kuna wingu jeusi, nikalijua papo hapo. Ni kidole changu. Ndiyo ile niliyobonyeza kwa woga, nami nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza.

Nilitoa simu. Bibi akaweka kiganja juu ya picha.

"Bibi, ni shangazi yangu," nikasema. "Niliipiga mimi. Na mimi ni mwanamke."

"Na simu yako nayo ni mwanamke?"

Nikaitazama simu mkononi.

"Umesaini, mjukuu wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Na yeye kasaini."

Nikarudisha simu mkobani. Bibi akaondoa kiganja, tukaitazama pamoja mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo ofisini kwangu hamna picha ya shangazi. Nikitaka kumwona napanda pikipiki mpaka Kisarawe, nimejitanda kile kipande chake cha khanga, napitia mlango wa nyuma. Ijumaa iliyopita, kabla sijapiga hodi, Bibi alikuwa ameshailaza ile picha juu ya mkeka, na vikombe vitatu.